Machozi ya Kamera

Walipomwambia Hermelinda kwamba friji yake ingebidi itolewe nje, alidhani wamepata mtu wa kuinunua.

"Siuzi," alisema, vidole vyake vikiendelea kusuka ukindu wa kofia.

"Hatununui, Bi Hermelinda," alijibu Fausto, mwanamume mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyeajiriwa kuwafundisha watoto kuigiza. "Ni kwa siku kumi na mbili tu. Tunaiweka uani, tunaifunika turubai. Kazi ikiisha tunairudisha mahali pake."

"Na maharage yangu?"

"Maharage gani?"

"Yaliyomo ndani. Nayo yataigiza?"

Watu wa filamu walicheka, wale waliobeba taa na wale waliobeba nyaya. Fausto hakucheka. Alieleza polepole, kama anayemsomea mtu maandishi ya dawa, kwamba bibi aliyemo kwenye filamu ni mwanamke maskini, na mwanamke maskini hana friji ndefu nyeupe yenye taa ndani.

Hermelinda aliitazama friji, kisha akamtazama yeye. "Na mimi ni nani?" aliuliza.

Mmoja wa wapiga picha alianza kukunja waya ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Filamu ilihusu msichana anayebaki na bibi yake wakati mama yake amevuka mpaka kwenda Kaskazini, yaani Marekani. Casilda, mwongozaji, alitoka Mexico City mwenyewe na kufanya usaili katika shule ya mji wa San Jacinto Tlalixpa, akawasikiliza watoto themanini na sita. Angeweza kumchagua yeyote, kwa kuwa katika mji ule nyumba pekee isiyo na mtu Kaskazini ni ile iliyofungwa. Alimchagua Yaretzi, mjukuu wa Hermelinda, msichana wa miaka kumi mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Mama yake, Noemi, alikuwa na mwaka wa saba akifua mashuka ya hoteli huko Chicago. Kisha Casilda alipoingia jikoni mwao kunywa maji, akalipenda dirisha, akaomba na nyumba pia.

"Haya, friji itoke," Hermelinda alisema hatimaye, kwa sababu Yaretzi alikuwa amesimama mlangoni akimwangalia kwa macho ya kuomba. "Kuna kingine?"

Fausto alikohoa. "Sakafu. Tungependa kumwaga vumbi juu ya vigae."

Hermelinda akaweka ukindu chini. "Sikiliza, bwana. Vigae hivi ni kazi ya majira mawili ya baridi ya mwanangu. Mimi huvipiga deki kwa magoti. Mkitaka vumbi, barabara ipo, kasimameni huko."

Casilda, aliyekuwa amechuchumaa pembeni akipima mwanga wa dirisha, hakugeuka hata kidogo. "Viache vigae," alisema. "Tutapiga picha kuanzia magotini kwenda juu."

*

Simu ya Noemi ililia Jumapili saa saba mchana, kama ilivyolia kila Jumapili. Yaretzi aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta ili uso wake wote uonekane.

"Mama! Nina kiti chenye jina langu!"

"Kiti?"

"Cha kitambaa. Kila mwigizaji anacho. Na yule bibi wa kwenye filamu ni mwigizaji mkubwa lakini hajui kusuka. Bibi alimfundisha siku nzima, akasuka kitu kama kiota cha ndege."

"Kiota kingekuwa na maana," alisema Hermelinda kutoka jikoni. "Ndege angelala humo. Na amevaa aproni yangu."

Noemi alicheka, akiwa na taulo kichwani na nusu ya uso ikimetameta kwa krimu. Alitaka kujua kila kitu: wanakula nini, wanalala wapi, kama kuna mtu anayemfokea mtoto. Kisha akauliza jambo ambalo pengine alilibeba wiki nzima.

"Na mama wa kwenye filamu, anarudi?"

Yaretzi alifikiri. "Hapana. Anapiga simu, anapiga, halafu siku moja hapigi tena."

Kwenye skrini Noemi alitulia tuli, hata wakadhani mtandao umekatika.

"Siyo wewe, mama," mtoto aliharakisha kusema. "Ni huyo mwingine."

"Najua, mwanangu. Hebu nipe bibi."

Hermelinda alichukua simu akatoka nayo uani, akasimama kando ya friji iliyofunikwa turubai.

"Mama, watu watadhani ni mimi."

"Watu gani? Mji mzima unajua simu yako inalia saa saba. Hata padri amefupisha mahubiri."

"Siyo wa hapo. Wale watakaoiona kwingine. Mtoto wangu, nyumba yangu, halafu mwanamke amemtupa mtoto kama gunia. Miaka saba sijakosa Jumapili moja, mama. Nilipiga nikiwa na homa. Nilipiga siku ile bomba lilipopasuka, nimesimama kwenye maji."

"Nakumbuka. Nilikuwa nakuona viatu vimeloa."

Noemi alijifuta krimu kwa ncha ya taulo. "Anafurahi?"

"Anaamka kabla ya majogoo. Anakula bila kulazimishwa. Juzi nimemkuta anajisemesha kwenye kioo."

"Basi mwache afanye," alisema Noemi. "Ila mwangalie, mama. Mwangalie kwa niaba yangu."

*

Siku tano za kwanza zilikwenda kama sherehe ya mtakatifu wa mji. Wanawake ishirini walipewa kazi ya kuwapikia watu wa filamu katika jiko kubwa nyuma ya uwanja wa mpira wa kikapu, na jirani yake Hermelinda, Eufrosina, akajifanya msimamizi bila kuteuliwa na yeyote. Kuku walilipwa kwa kupita mbele ya kamera. Mbwa wa fundi viatu alipata sehemu yake, akaharibu picha kwa kumlamba mwigizaji mkubwa mkono, na Casilda akasema iachwe hivyo hivyo.

Yaretzi alikuwa hodari. Alikumbuka maneno yake na ya wenzake pia. Akiambiwa atembee hadi kisimani ageuke, alitembea akageuka kama hakuna watu thelathini wanaomtazama. Hermelinda aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisuka, na kila Casilda aliposema "safi sana" yeye alijibu moyoni, "wa kwangu huyo."

Kazi ilikwama kwenye kilio.

Kulikuwa na tukio moja ambalo Casilda alisema ndilo uti wa mgongo wa filamu nzima. Msichana anakaa mezani, mbele ya simu. Anasubiri. Simu hailii. Anaelewa kwamba mama hatapiga tena, naye analia. Hakuna maneno.

Yaretzi alikaa mezani. Alisubiri. Hakulia.

Wakajaribu Jumatatu. Jumanne Fausto akamwambia afikirie jambo la kuhuzunisha, na mtoto akafikiri kwa bidii mpaka akakunja paji la uso kama mtu anayefanya hesabu ya kugawanya. Wakamtia matone machoni. Yakateremka yote kwa pamoja, akaonekana kama aliyemwagiwa maji. Jumatano wakaleta kitunguu. Yaretzi akakinusa, akapiga chafya, akacheka, kikosi kizima kikacheka, akazidi kucheka.

"Angekuwa wangu ningemfinya kidogo tu hapa," Eufrosina alisema jioni, akijishika nyama ya mkono. "Chozi moja, shoga. Watu wanalipa kwa chozi moja! Sisi tumelia bure maisha yetu yote."

Hermelinda alicheka. Lakini alimwona Fausto akizungumza na Casilda chini ya paa la uwanja, akihesabu kwa vidole siku zilizobaki, na Casilda akijishika kichwa.

*

Alhamisi asubuhi Fausto alimjia Hermelinda kwa adabu mpya.

"Bi Hermelinda, wanasema hakuna anayejua kupika mchuzi wa mole kama wewe. Wenzako huko jikoni wamekwama. Ungewasaidia japo saa moja?"

Alipofika jikoni alikuta mole imekwishaiva na Eufrosina anaionja kwa kipande cha mkate wa tortila.

"Nani amekwama?" Eufrosina aliuliza. "Mimi? Nilishindwa lini kupika mole?"

Hermelinda alisimama na kijiko mkononi. Hapo ndipo alipokisikia kile kilio. Kilitoka mtaa wa pili, kikapita juu ya mapaa, na hakikuwa cha kuigiza. Alikuwa amekisikia mara moja tu maishani, alfajiri moja, mtoto wa miaka mitatu alipoamka akakuta upande wa pili wa kitanda ni mtupu.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye goti bovu alikimbia na kijiko cha mole mkononi, akapita watu waliosimama mlangoni pake, akamsukuma mmoja aliyeweka kidole mdomoni kumtaka anyamaze, akaingia jikoni mwake mwenyewe.

Taa zote zilikuwa zinawaka. Yaretzi alikuwa chini, kati ya kiti na ukuta, magoti kifuani, akilia kwa pumzi zinazokatika. Kamera ilikuwa imemkaribia kiasi cha kumgusa. Watu wote walisimama kama sanamu za kanisani.

Hermelinda alipita katikati ya kamera na mtoto. Akapiga magoti.

"Bibi," Yaretzi alisema, akimshika shingo kwa mikono miwili. "Bibi, wamemchukua mama. Polisi wa uhamiaji wamemkamata kazini. Wamempakia kwenye basi, hakuna anayejua wamempeleka wapi. Jumapili hatapiga."

Kwa muda mfupi Hermelinda aliona yote: basi lenye madirisha ya nondo, binti yake na taulo kichwani, simu imeachwa juu ya rundo la mashuka.

"Nani amekuambia?"

Yaretzi alinyoosha kidole.

"Siyo kweli, Bi Hermelinda," Fausto alisema haraka, mikono juu. "Ni mbinu tu ya uigizaji. Ningemwambia sasa hivi, tukimaliza tu. Watoto huwa wanasahau. Saa moja, na aiskrimu."

Hermelinda hakumsikiliza hadi mwisho. Alikuwa akitafuta simu kwenye mfuko wa sketi. Noemi hapokei simu kazini. Ni sheria ya pale. Ililia mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakata. Ya tatu ikapokelewa, na nyuma ya mnong'ono wa Noemi zilisikika mashine kubwa zikizunguka.

"Mama. Nani amekufa?"

"Hakuna. Uko wapi?"

"Chooni. Mama, unanitisha."

"Zungumza na mwanao. Mwambie uko chooni."

Yaretzi aliishika simu kwa mikono miwili. Jikoni mle, mbele ya watu wazima kumi na wawili wasiojua wapi pa kuweka macho, mtoto akasikiliza mama yake akimwambia yuko chooni, kweli kabisa, sikia hivi, na maji yakavutwa yakaporomoka. Yaretzi akacheka huku kamasi zikimtoka.

Hermelinda aliinuka kwa kushikilia meza.

"Sitapiga kelele," alisema. "Mimi si mtu wa kelele. Zimeni hizo taa zenu, maana umeme ni wangu. Mwenye kiti chake abebe. Na kabla hajatoka mtu hata mmoja, rudisheni friji yangu."

Ikachukua wanaume wanne. Hermelinda alisimama akiwaelekeza kwa kijiko: kushoto, kushoto kidogo, usikwaruze kigae, hapo. Fausto alikuwa miongoni mwa wale wanne, na hakuna aliyemwambia apumzike.

*

Ijumaa hakuna kamera iliyowashwa. Watu wa filamu walikaa kwenye ngazi za uwanja wakichezea simu, na wale wanawake ishirini wakakaa jikoni wakitazama sufuria baridi. Kabla ya saa nne Eufrosina alikuwa mlangoni.

"Shoga, una haki. Mimi mwenyewe ningempiga yule mtu na sufuria. Lakini tunakula wapi kesho? Na mtoto wa watu amebakiza siku tatu tu."

"Watafute mtoto mwingine."

"Watampata wapi, na nusu ya filamu ina uso wake? Wataitupa yote. Halafu tutasemwa, watu wa Tlalixpa wakali."

"Tusemwe."

Eufrosina alipumua, akaondoka, na baada ya muda mfupi Casilda akaja peke yake. Katika mji ule mgeni akipiga hodi, kiti husogezwa kabla ya salamu. Hermelinda hakusogeza kiti. Alisuka.

Casilda alisimama katikati ya vigae. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, na siku ile alionekana kama aliyelala na nguo zake.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulimtuma?"

"Hapana. Sikujua atamwambia nini." Akaendelea kwa sauti iliyopungua. "Lakini alipokutoa hapa nilijua kuna kitu, na sikuuliza. Mtoto alipoanza kulia nilifurahi. Nikasema moyoni, hatimaye. Hiyo ndiyo kweli, Bi Hermelinda. Sitaki kuongeza uongo juu ya uongo."

Hermelinda aligeuza ukindu, akaanza mstari mpya. Alikuwa amejitayarisha kwa visingizio, na kwa kila kisingizio alikuwa na jibu. Hiki hakikuwa kimojawapo.

"Binti yangu alichelewa kurudi kwenye mashine kwa dakika kumi," alisema. "Wamemwonya. Na mtoto wangu amelala ameshika simu. Hayo ndiyo machozi uliyoyataka."

"Ndiyo."

"Yako wapi?"

"Nini?"

"Machozi. Ile picha."

Casilda alikuwa na kompyuta begani. Aliifungua juu ya meza. Akaonyesha, kwa sekunde chache tu na bila sauti, mtoto aliyejikunja ukutani, na Hermelinda akaangalia pembeni. Akaifuta mbele yake.

"Na ile nyingine?"

"Ipi?"

"Mwanangu akinitumia picha moja, inakaa kwenye simu yake, kwenye yangu, na kwa Eufrosina ambaye sikumpa. Usinifanye mshamba."

Casilda karibu atabasamu. Akapiga simu, na mpiga picha akaja mbio na kisanduku cheusi, kikachomekwa, na nakala ya pili ikafutwa nayo. Hermelinda akauliza kama kuna ya tatu. Yule mpiga picha akamtazama Casilda, Casilda akamtazama yeye, na ya tatu ikapatikana ndani ya gari.

"Fausto ameondoka na basi la asubuhi," Casilda alisema walipobaki peke yao. "Nimemwondoa mimi. Sasa kama unasema mtoto harudi kazini, harudi, na malipo yake yote atapewa. Sitakusumbua tena."

Hapo Yaretzi akatokea. Alikuwa nyuma ya pazia la chumba muda wote, na wote wawili walikuwa wameziona kandambili zake.

"Mimi nataka kumaliza," alisema.

"Mwanangu..."

"Nataka kumaliza, bibi. Ni filamu yangu. Yeye ndiye aliyekosea, kwa nini nikose mimi?"

Hermelinda alimtazama mjukuu wake, kidevu kimeinuliwa kama cha Noemi siku aliyofunga begi. Akasogeza kiti kwa mguu.

"Keti," akamwambia Casilda. "Friji haitoki tena."

"Ibaki," alisema Casilda, akaketi. Alijishika uso kwa viganja. "Basi tukio lile nitaliacha. Sijui filamu itakuwaje bila hilo, lakini nitaliacha. Siwezi kumwomba alie."

"Mimi silii simu ikichelewa," Yaretzi alisema.

"Huwa hulii kabisa?"

"Mara nyingine huwa inachelewa. Kama mama amepewa zamu ya ziada. Saa saba inapita, saa nane inapita."

"Unafanya nini?"

Mtoto aliona swali hilo ni la ajabu kidogo, kama mtu kukuuliza unavaaje soksi. "Nafuta simu kwenye sketi. Halafu napanda juu ya paa, mtandao uko vizuri huko. Halafu nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya sauti. Nasema: niko vizuri, mama, na wewe? Niko vizuri, mama, na wewe? Mpaka itoke vizuri. Kwa sababu ukilia sauti inabaki mbaya, na mama atasikia, halafu na yeye atalia, halafu kadi yake ya simu itaisha tukiwa tunalia tu. Kulia ni baada ya kukata."

Vidole vya Hermelinda vilisimama katikati ya ukindu. Miaka saba alikuwa akimsikia mtoto huyu akizungumza peke yake juu ya paa, akadhani anaimba.

Casilda aliuliza, kwa adabu, kama mwanafunzi, "Unaweza kunionyesha hilo paa?"

*

Walipiga picha ile Jumamosi. Casilda hakumwelekeza, alimwambia tu kamera iko wapi asije akaikanyaga. Yaretzi akapanda ngazi ya nje, akaketi kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, akafuta simu kwenye sketi. Akasema maneno yake mara tano. Ya kwanza ilitetemeka, ya pili ikatoka kali mno, kama anayegombana. Ya tano ilikuwa laini na yenye furaha, sauti ya mtoto ambaye hajawahi kukosa kitu. Kisha akaitazama simu, akakaa.

Chini uani, yule mwigizaji mkubwa alikuwa analia ndani ya aproni ya Hermelinda, na mshika taa mmoja, mtu wa miraba minne, akaligeukia turubai tupu la friji kana kwamba ana haja nalo.

"Nimefanya vizuri?" Yaretzi aliuliza kutoka juu. "Mbona mnalia nyie?"

"Shuka, umekwisha kuungua jua," Hermelinda akamwambia. Alikuwa na uso mkavu. Kulia ni baada ya kukata, mtoto alikuwa amesema. Naye akangoja mpaka gari la mwisho lilipopinda kona ya kanisa.

*

Filamu ilirudi Tlalixpa miezi minane baadaye, ikiwa imeshuka kwenye basi ndani ya begi la Casilda. Walitandika shuka kubwa kwenye ukuta wa uwanja wa mpira wa kikapu, watu wakaja na viti vyao, na Eufrosina akauza mahindi ya kuchemsha. Jumamosi hiyo hiyo ilikuwa inaonyeshwa Chicago pia, katika ukumbi wa shule karibu na kwa Noemi. Casilda alikuwa amehangaika mpaka akalipata jambo hilo. Noemi alisema ataona kama ataweza. Asiye na vibali hapendi mahali penye watu wengi na mlango mmoja.

Hakuna aliyeangalia filamu ile kimya. "Kuku wangu huyo!" "Jamani, ukuta wangu mbona mchafu hivyo?" Mbwa wa fundi viatu alipotokea alipigiwa makofi kuliko mwigizaji mkubwa. Ila kwenye tukio la paa uwanja ulitulia, na Hermelinda akageuza kichwa kidogo akaona watoto wa mji, safu nzima yao kwenye saruji, midomo ikicheza. Walikuwa wakiyasema maneno pamoja naye. Kumbe wote waliyajua. Kila mmoja alikuwa na paa lake.

Casilda alikuwa amebadilisha mwisho. Simu juu ya paa inalia, msichana anasema "Halo?" na ukuta unakuwa mweusi. Watu walipiga makelele: ni mama? Ni nani? Mzee mmoja alidai arudishiwe pesa ya mahindi yake.

Bado walikuwa wanagombana hivyo wakati simu ya Hermelinda ilipotetemeka kwenye mfuko wa sketi. Siku haikuwa Jumapili. Alimpa Yaretzi, wakasogea pembeni, chini ya kikapu, ambako palikuwa na mwanga wa taa.

Noemi alikuwa nje ya ule ukumbi, ndani ya koti, na wenzake wawili wa kazini wakichungulia nyuma ya mabega yake, wote watatu macho mekundu. Alifungua mdomo, akaufunga. Watu walikuwa wakitoka nyuma yake, na mwanamke mmoja akamgusa mkono akipita, akamwambia kitu, Noemi akaitikia kwa kichwa, kwa fahari: ndiyo, wangu.

"Umeiona, mama? Umeona nilivyosema? Ya tano ilitoka vizuri, sivyo?"

"Nimekuona ukitembea," alisema Noemi.

Yaretzi hakuelewa. "Nikitembea wapi?"

"Kwenda kisimani. Na ulipokuwa unakimbia na yule mbwa. Mwanangu, miaka saba nakuona uso. Uso na mabega, na siku nyingine paji la uso tu ukishika simu vibaya. Ulipoondoka mikononi mwangu ulikuwa unatembea kama bata. Sikujua sasa unatembeaje. Sijawahi kuuona mgongo wako."

"Na natembeaje?"

Noemi alijifuta pua kwa mkono wa koti, akaanza kucheka. "Vidole vya miguu ndani, kichwa mbele, kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Kama bibi yako kabisa!"

"Mimi?" Hermelinda alisema. "Mimi sitembei hivyo."

Wale wenzake wa Noemi wakaangua kicheko, maana hata wao walikuwa wamekwisha kumwona, akipita nyuma kwenye picha moja na ndoo yake. Yaretzi tayari alikuwa amempa simu bibi yake.

"Ishike hivi. Rudi nyuma, bibi, rudi tena. Hapo. Mama, unaniona yote? Na miguu?"

"Na miguu."

"Basi angalia."

Akaondoka chini ya kikapu, akapita katikati ya viti na watu waliokuwa bado wanabishana, akaenda mpaka mstari wa upande wa pili wa uwanja, bila haraka, ili mama yake aone. Kule akageuka, akapunga mkono, akaanza kurudi. Hermelinda aliishika simu kwa mikono miwili, juu, imara, isitikisike.